Dawa za Miti kwa Usingizi na Moyo Mzito: Zipi Zafaa, Zipi Zahitaji Hadhari

Kilimani ni mtaa ulio upande wa magharibi wa mji wa Nairobi, kaskazini ya barabara ya Ngong. Katika zamani za ukoloni palikuwa mahali pa nyumba za Wazungu zenye bustani kubwa, na Waafrika waliolala huko walikuwa wapishi, madobi, watunza bustani na walinzi, ambao walikaa katika vyumba vya nyuma. Siku hizi bustani nyingi zimekwisha, na mahali pake pamesimama majumba marefu ya ghorofa. Watu wa kila kabila na kila kazi wamepanga humo, na kazi hazilali. Wako wauguzi wa hospitali zilizo karibu, walinzi wa milango, wapishi wa mahoteli, madereva wa teksi, na vijana wafanyao kazi kwa kompyuta kwa ajili ya watu wa ng'ambo, ambao mchana wao ni usiku wa Kenya. Tena ziko honi za magari na muziki wa vilabu. Si ajabu, basi, kwamba watu wengi wa huko hulalamika kuwa usingizi umewakimbia, na kwamba moyo umekuwa mzito pasipo sababu wanayoijua.

Wengi wao hawaendi kwa daktari kwanza. Huenda kwa mwuza majani, au hununua unga ulio ndani ya kopo lenye maandishi mazuri, au huambiwa na jirani, "Chemsha mti fulani, utalala kama mtoto." Jambo hili si geni wala si la kuchekwa. Kwa vizazi vingi watu wa Afrika ya Mashariki wamejitibu kwa majani, mizizi na magamba ya miti, na baadhi ya dawa kubwa za hospitali zilitoka katika mimea pia. Kwinini, dawa ya malaria, ilitoka katika gamba la mti wa Amerika ya Kusini. Artemisinini, dawa nyingine ya malaria, ilipatikana nchini China mwaka 1972 katika mmea uliotajwa na vitabu vya kale vya waganga, na bibi aliyeongoza kazi hiyo, Tu Youyou, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Lakini habari hizo zenyewe zatufundisha jambo la pili. Mmea wenye nguvu ya kuponya una nguvu ya kudhuru vilevile. Mtu asemaye kwamba dawa za miti zote ni upuuzi amekosea, na yule asemaye kwamba haziwezi kumdhuru mtu kwa kuwa zimetoka shambani amekosea zaidi. Yafaa kuzichungua moja moja.

MIMEA IFUKUZAYO USINGIZI

Kabla mtu hajatafuta mmea wa kuleta usingizi, hana budi kwanza kujiuliza kama hali au hanywi mmea unaoufukuza. Mimea ya namna hiyo ni mingi nchini Kenya, na ni ya kila siku.

Wa kwanza ni chai, na wa pili ni kahawa. Vyote viwili vina kafeini, ambayo hukaa mwilini muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini aliyoinywa huwa ingali damuni baada ya saa tano hivi. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walitangaza uchunguzi wa watu waliopewa kafeini nyingi saa sita kabla ya kulala. Usingizi wao ulipungua kwa zaidi ya saa nzima, na wengine hawakujua kwamba umepungua. Basi mtu anywaye vikombe viwili vikubwa vya kahawa saa kumi na moja jioni, kisha akatafuta majani ya usingizi saa tano usiku, ni kama mtu achotaye maji kwa pakacha.

Wa tatu ni miraa, ambayo hulimwa sana katika milima ya Nyambene huko Meru, pamoja na muguka wa Embu. Ndani ya majani na vijiti vyake mna kathinoni, kitu kinachoamsha mwili na kuharakisha moyo. Nguvu hiyo hupungua upesi majani yanaponyauka, na hii ndiyo sababu wauzaji huifunga miraa katika majani ya mgomba na kuikimbiza sokoni. Walinzi na madereva wengi huitafuna ili wakeshe. Inapofika asubuhi, wakati wao wa kulala, macho hukataa kufumba. Baada ya siku kadhaa za namna hiyo mtu huwa na hasira, na huzuni humwingia. Naye hudhani amerogwa au ana maradhi mapya, kumbe ni deni la usingizi lisilolipwa.

Pombe nayo huwadanganya wengi. Ni kweli kwamba humfanya mtu asinzie upesi, lakini katika nusu ya pili ya usiku huukatakata usingizi, na mlevi huamka alfajiri akiwa amechoka kuliko alipolala. Pombe si dawa ya usingizi hata kidogo.

MCHAICHAI NA NDUGU ZAKE

Katika vibustani vichache vilivyobaki Kilimani, na hata katika ndoo zilizowekwa kwenye roshani za majumba marefu, huota mchaichai. Watu huuchemsha jioni na kuunywa kwa kuamini kwamba huleta usingizi na kutuliza moyo. Imani hiyo iko katika nchi nyingi, na huko Brazil ilikuwa na nguvu sana hata madaktari wakaamua kuijaribu. Mwaka 1986 walitangaza matokeo yao. Waliwapa watu chai ya mchaichai, na wakati mwingine wakawapa kinywaji bandia, bila watu hao kujua wanakunywa kipi. Matokeo yalikuwa kwamba mchaichai haukuleta usingizi wala kupunguza wasiwasi kupita kile kinywaji bandia. Jambo la kufurahisha ni kwamba haukumdhuru mtu pia.

Je, mchaichai utupwe? La, hasha. Mtu aliyezoea kunywa chai ya majani usiku, akaiacha na kunywa mchaichai badala yake, amekwisha kuiondoa kafeini. Kikombe cha moto kinywewacho saa ile ile kila usiku, taa ikiwa imepunguzwa na simu imewekwa mbali, huuzoeza mwili kujua kwamba sasa ni wakati wa kupumzika. Faida hiyo ni ya kweli ingawa haitoki katika mchaichai wenyewe. Ubaya ungekuwa kumwuzia mtu mchaichai kwa bei ya dawa, na kumwahidi kwamba utamponya.

Iko pia mimea ya Ulaya ambayo siku hizi huuzwa katika maduka ya mtaa huu, hasa maua ya kamomili na mizizi ya valeriani. Kamomili ni kama mchaichai: ni laini, na wengi hawadhuriki nayo, ila wale ambao miili yao haipatani na maua ya jamii hiyo. Valeriani imechunguzwa mara nyingi, na majibu hayapatani: wengine waliona faida ndogo, wengine hawakuona kitu. Tena haifai kuchanganywa na pombe wala na vidonge vya usingizi, kwa maana vyote vyaweza kumlemea mtu kwa pamoja, naye akaendesha gari asubuhi akiwa bado nusu yake imelala.

HABARI ZA MTI UITWAO MWERERE

Atakaye kujua jinsi mti uwezavyo kubadili moyo wa mtu, na ajifunze habari za mwerere. Wakikuyu huuita hivyo. Wachaga huuita msesewe, nao hutia gamba lake katika pombe yao ya mbege ili iwe na uchungu. Wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia caffra. Ni mti mkubwa upendao kuota kando ya mito, na ukikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa.

Mti huu una ndugu yake nchini India, kijiti kidogo ambacho mizizi yake ilitumiwa na waganga wa huko kwa kutuliza wenye wazimu na kuwapa usingizi wasiolala. Mwaka 1931 madaktari wawili wa India, Sen na Bose, waliandika kwamba mizizi hiyo hutuliza wagonjwa wa akili na kushusha shinikizo la damu. Ulaya haikusikiliza sana. Mwaka 1949 daktari wa Bombay aitwaye Vakil aliandika tena habari za dawa hiyo katika gazeti la madaktari wa Uingereza, na safari hii watu walitega sikio. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba mjini Basel, Uswisi, walifaulu kuitoa nguvu yake peke yake, wakaiita reserpini. Mwaka 1954 daktari Nathan Kline wa New York akatangaza jinsi ilivyowatuliza wagonjwa wa akili. Hospitali ambazo zilikuwa zimejaa kelele na minyororo zikaanza kupata utulivu.

Lakini baada ya muda madaktari waliona jambo jingine. Baadhi ya watu waliopewa reserpini kwa ajili ya shinikizo la damu waliingiwa na huzuni nzito. Wataalamu walipochungua, walikuta kwamba reserpini huzimwaga akiba za vitu fulani vya ubongo, kama serotonini, vinavyopeleka habari kutoka mshipa hata mshipa. Mpaka leo wataalamu hubishana huzuni ile ilikuwa kubwa kiasi gani, lakini kutokana na uchunguzi huo ulimwengu ulianza kufahamu kwamba huzuni ya kupita kiasi yaweza kuwa na sababu katika mwili, kama homa ilivyo na sababu yake.

Wanakemia wamekuta katika gamba na mizizi ya mwerere wa Afrika vitu vya ukoo ule ule. Basi hebu afikiri mtu wa Kilimani ambaye moyo wake ni mzito, akauziwa unga wa mizizi na kuambiwa kwamba ni "dawa ya kutuliza." Kama unga huo ni wa mti wa jamii hii, waweza kumshusha shinikizo la damu mpaka akaanguka, na waweza kuizidisha ile huzuni aliyotaka kuiponya. Mti si mwovu. Ubaya ni kuutumia pasipo kuujua, na pasipo kujua kipimo.

MMEA WENYE KUFAA, LAKINI MGOMVI

Uko mmea mmoja wa Ulaya ambao umeonekana kweli kuwasaidia watu wenye huzuni isiyo kali. Jina lake la kitaalamu ni Hypericum perforatum. Mimea ya jamii yake, yenye maua ya manjano, huota katika milima mirefu ya Kenya pia, lakini si ile ile, wala isidhaniwe kwamba kazi yake ni moja. Vidonge vya mmea ule wa Ulaya huuzwa katika maduka mengi ya dunia bila hati ya daktari.

Ugomvi wake ni huu. Mmea huo huliamsha ini lifanye kazi kwa haraka ya kupita kiasi, nalo huziteketeza dawa nyingine kabla hazijamaliza kazi yake. Mwaka 2000 madaktari wa Marekani walitangaza kwamba watu waliokunywa mmea huo pamoja na indinaviri, iliyokuwa dawa ya virusi vya UKIMWI, walikutwa na dawa hiyo damuni chini ya nusu ya kiasi kilichotakiwa. Mmea huo hupunguza pia nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi, ya warfarini izuiayo damu kuganda, na ya dawa wanazopewa watu waliowekewa figo. Na ukichanganywa na vidonge vya hospitali vya kuondoa huzuni, waweza kuleta maradhi ya ghafula ya kutetemeka na joto kali.

Nchini Kenya ziko jamaa nyingi zenye mtu atumiaye dawa za virusi kila siku, naye huishi kwa afya kwa sababu ya dawa hizo. Kidonge cha majani kilichonunuliwa kwa nia njema, ili kuondoa majonzi, chaweza kuziharibu kazi za miaka mingi, na mwenyewe asijue mpaka virusi vimekwisha kupata nguvu.

MITI YA KUTUNZA MWILI

Ipo mimea mingine ambayo watu huitumia kwa afya ya mwili mzima. Thabai, majani yale yawashayo, yakichemshwa hupoteza ukali wake, nayo ni mboga bora yenye madini ya chuma na kalisi. Wakikuyu huyaponda pamoja na viazi na mahindi, na mtu ayalaye hujenga damu yake kwa bei ndogo. Ila mwenye kutumia warfarini yampasa kumwambia daktari wake, kwa kuwa mboga za majani kama hiyo zina vitamini K, ambayo hushindana na dawa hiyo.

Muthiga ni mti wenye gamba kali kama pilipili. Watu hulitafuna kwa maumivu ya meno na ya kifua. Mwaka 1976 wanakemia walitangaza kwamba wamekuta katika miti ya jamii hii ya Afrika ya Mashariki vitu vinavyowazuia viwavi jeshi wasile mimea. Na vitu vya jamii hiyo huua ukungu pia. Basi wazee hawakuuchagua mti huu kwa kubahatisha. Mukombero, mzizi utokao nchi ya Waluhya, hutafunwa kwa kuongeza hamu ya chakula, na wachuuzi huutembeza katika barabara za Nairobi.

Mwarobaini, mti uliotoka India na kuenea sana pwani, umepata sifa ya kuponya maradhi arobaini. Sifa hiyo ni kubwa mno. Mafuta ya mbegu zake hufaa kwa kazi nyingi za nje ya mwili na za shambani, lakini katika miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo wakapata degedege na kuharibika ini. Mtoto mchanga asinyweshwe mafuta ya mwarobaini, na mama mwenye mimba asinywe dawa yoyote ya miti kabla hajauliza kliniki.

KUNYAMAZA MBELE YA DAKTARI

Huenda hatari iliyo kubwa kuliko zote haimo katika majani, bali katika ulimi unaofichwa. Mgonjwa huketi mbele ya daktari, akaulizwa, "Je, unatumia dawa nyingine?" Naye hujibu, "La," kwa sababu aona haya, au aogopa kukemewa, au adhani kwamba majani hayahesabiwi kuwa dawa. Daktari naye huandika dawa kama mtu atembeaye gizani. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Pande zote mbili zina wajibu. Mgonjwa aseme yote, na ikiwezekana auchukue mfuko wenyewe wa dawa akauonyeshe. Na daktari au muuguzi asimcheke wala asimfokee, maana aliyechekwa leo hatasema kesho. Mama mkwe aliyekwenda na dawa yake kutoka kijijini huifahamu kuliko kila mtu mle chumbani, akiulizwa kwa adabu, "Mama, mti huu waitwaje kwenu, nanyi huuchemsha vipi?" atasema, na habari hiyo yaweza kuokoa maisha.

OFISI NA SHERIA

Si wengi wanaojua kwamba ofisi ichungayo mambo ya dawa nchini Kenya imekuwapo kwa miaka mingi Kilimani kwenyewe, katika barabara ya Lenana. Ni Bodi ya Dawa na Sumu, iliyowekwa na sheria iliyoanza kutumika mwaka 1957. Kazi yake ni kuandikisha dawa na wenye kuziuza, na dawa za miti zinazotiwa katika makopo na chupa za biashara hupasa kupelekwa huko vilevile. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Afya, nayo imeitambua tiba ya asili na kuitaka Serikali iiwekee taratibu. Kazi ya uchunguzi hufanywa na Chuo Kikuu cha Nairobi, na pia na taasisi ya utafiti wa matibabu iitwayo KEMRI, iliyoanzishwa mwaka 1979. Na mtu asiyejua jina la mti wake aweza kuuliza katika nyumba ya mimea iliyokaushwa iliyo katika Makumbusho ya Nairobi, ambayo ilihamishwa kutoka Amani, Tanganyika, mwaka 1950.

Mfano mwema wa jinsi mambo yawezavyo kwenda vizuri watoka kando ya msitu wa Kakamega. Wakulima wa kikundi cha Muliru walianza kulima aina ya mrihani wenye harufu ya kafuri, ambao wazee waliutumia kwa mafua na maumivu. Wakisaidiwa na wataalamu wa icipe na wa Chuo Kikuu cha Nairobi, hukamua mafuta yake na kuyatengeneza kuwa dawa ya kupaka iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipewa tuzo ya Equator. Hapo pana mambo manne yanayotakikana: ujuzi wa wazee, shamba badala ya msitu, maabara ya kupima, na soko la wazi. Dawa nyingi ziuzwazo njiani hazina hata moja katika hayo matatu ya mwisho.

MITI YENYEWE YALIA

Neno jingine lapasa kusemwa kwa ajili ya miti. Chakula kitengenezwacho na majani hushuka mpaka mizizini kwa kupitia katika gamba la ndani. Mtu akilichuna gamba kuuzunguka mti wote, mizizi hufa kwa njaa, na mti hukauka. Hayo yamelipata sana muiri, mti wa milimani ambao gamba lake hutumika Ulaya kwa maradhi ya tezi ya wanaume watu wazima. Dawa hiyo ilipewa hati ya haki nchini Ufaransa mwaka 1966, na baadaye magunia mengi ya gamba yakatoka Kamerun, Madagaska na Kenya. Miti mingi ilikufa, na tangu mwaka 1995 biashara yake kati ya nchi na nchi imewekwa chini ya masharti ya mkataba wa dunia wa kulinda viumbe.

Watu wa Kilimani wana bahati ya kuwa karibu na bustani ya miti ya Nairobi, iitwayo Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kupandwa. Baba aweza kuwachukua watoto wake huko siku ya Jumapili, wakaisoma miti kwa macho na kwa majina. Wala haina haja kwa mtu yeyote kuchuna gamba hapo. Mwenye nafasi ndogo na apande mchaichai na mrihani katika ndoo; mwenye shamba kijijini na apande muthiga na muiri. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Isije ikasemwa kwamba penye waganga hapana miti.

MASHAURI KWA ASIYELALA

Yafaa kumaliza kwa mashauri machache ambayo kila mtu aweza kuyafuata bila gharama.

1. Mtu mzima ahitaji saa saba au zaidi za kulala. Afanyaye kazi ya usiku azilale mchana, dirisha likiwa limefunikwa kwa nguo nzito, na jamaa zake wamsaidie kwa kunyamaza.

2. Chai, kahawa na miraa viachwe angalau saa sita kabla ya kulala. Mchaichai unywewe badala yake.

3. Mtu aamke saa ile ile kila siku, hata kama alilala vibaya. Akikaa kitandani kwa dakika ishirini hivi bila usingizi, na aondoke, akakae mahali penye mwanga mdogo mpaka usingizi uje. Mazoezi ya namna hii, yakifundishwa na mtu mwenye ujuzi, ndiyo tiba ya kwanza ya ukosefu wa usingizi wa muda mrefu, mbele ya vidonge na mbele ya majani.

4. Dawa isiyo na jina la mmea, wala kipimo, wala jina la mtengenezaji isinunuliwe. Na mwuzaji asemaye kwamba dawa yake moja yaponya kisukari, huzuni, utasa na shinikizo la damu, na aachwe na dawa yake.

5. Dawa ya hospitali isiachwe kwa ajili ya dawa ya miti, wala zisichanganywe, kabla daktari hajaambiwa.

6. Mtu akikosa usingizi usiku tatu au zaidi katika kila juma kwa muda wa miezi mitatu, huo si uchovu tu; na aende hospitali. Na moyo ukiwa mzito kila siku kwa majuma mawili, chakula hakina ladha, kazi haina maana, huo ni ugonjwa wenye tiba. Akianza kufikiri habari za kujiua, asingoje hata siku moja. Amwambie mtu, na mtu huyo amchukue kwa daktari siku ile ile, wala asimwache peke yake.

Kwenda hospitali kwa ajili ya moyo mzito si aibu, kama vile si aibu kwenda kwa mguu uliovunjika. Wazee wetu waliotafuta mti wa kuwatuliza wenye majonzi walikubali tangu zamani kwamba majonzi yaweza kuwa ugonjwa, na kwamba mgonjwa hastahili kulaumiwa bali kutibiwa. Mtu wa leo anayo mali hiyo ya wazee, na pamoja nayo anayo maabara, kliniki na vitabu. Na avitumie vyote, kwa akili na kwa kipimo.